Mshale Haukanwi

Asubuhi moja, umande haujakauka, Musafiri alimkosa kanga aliyekuwa amesimama. Kanga huyo alikuwa akiparura udongo katika shamba la karanga, nje kidogo ya kijiji cha Wamaza, karibu hata Musafiri aliyaona madoadoa meupe ya ubavuni mwake. Alivuta upinde, na kabla mkono haujafika shavuni mshale ulikuwa umekwisha ondoka. Ulipita juu ya mgongo wa ndege ukajichomeka kwenye shina la muhogo. Kanga aliutazama, akaendelea kuparura, kisha akaenda zake kwa miguu. Hakuona sababu ya kuruka.

Musafiri aliung'oa mshale, akaufuta, akaiangalia alama yake chini ya manyoya: pete moja iliyochomwa kwa moto na mikwaruzo miwili. Kila mwindaji wa pale alikuwa na alama yake, na alama ilikuwa na sheria yake. Mnyama akianguka, anatafutwa mwenye mshale wa kwanza. Hata kama mnyama alikimbia na mshale huo mwilini, akamaliziwa kwa mkuki wa mtu mwingine bonde la pili, muuaji ni yule wa mshale wa kwanza, na nyama ni yake. Na mshale ukipiga kisichopigwa, ni wake vilevile. Baba yake Musafiri aliwahi kumpiga mbwa wa jirani vichakani, mahali ambapo hakuna aliyemwona. Jioni alikwenda mwenyewe kwa jirani, mbwa begani, akasema, "Huu mushale iko wangu." Akatoa mbuzi. Watu walimsifu msimu mzima. Mshale haukanwi, walisema. Anayeukana mshale wake leo, kesho atamkana mwanawe.

Basi Musafiri alirudi nyumbani na mshale mmoja na mikono mitupu, na hilo halikuwa jambo geni tena. Ugonjwa ulikuwa umemshika. Jicho likishaona mnyama, vidole vinaachia vyenyewe, kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Zamani alikuwa mpigaji ambaye wenzake walimpisha mbele. Ugonjwa ulianza baada ya Placide.

Placide alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuwa wakipigana wao kwa wao huko kwao, na vita vyao vilikula bati kama moto unavyokula majani makavu. Sultani wa pale aliambiwa atoe watu, akatoa. Placide alipelekwa kwenye mashimo ya kampuni iliyochimba bati upande wa Lusangi. Baadaye ikaja habari kwamba yeye na wenzake wa shimo moja wametoroka kazi. Habari ilikuwa fupi, na mtu aliyeileta hakukubali kukaa wala kunywa maji.

Sheria ya mtoro ilijulikana. Mke wake hukaa katika uwanja wa sultani mpaka mume arudi. Émérance, mke wa Placide, alichukuliwa siku ileile. Alitwanga mihogo ya askari, alilima pamba ya lazima, alilala kwenye banda pamoja na wake wengine wa watoro. Hayo angeyavumilia. Jambo lililomkaba ni jingine. Kwao, mtu ambaye hajatangazwa kuwa amekufa haliliwi. Kumlilia ni kumchimbia kaburi kwa mdomo. Na Émérance alijua kwamba mumewe amekufa.

"Shemeki," alimwambia Musafiri siku alipompelekea unga, "kofia yake ya Jumapili iko ku ukuta. Placide hawezi kukimbia aiache kofia."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, macho makavu, shingo imevimba kwa kilio kilichozuiwa. Musafiri aliitazama shingo ile njia nzima ya kurudi, ingawa alikuwa amekwisha ipa mgongo. Tangu siku hiyo vidole vyake havikungoja tena.

Mjomba wake Bulaimu alikuwa msokota nyuzi za pinde. Alikuwa Mwislamu wa tangu zamani, mwembamba, mwenye meno machache na maneno mengi. Alikuwa amesikia habari za kanga.

"Karibu, muuaji wa mihogo," alisema. "Mashina mangapi leo? Tutakula sombe ya majani yake mpaka na sisi tuote majani."

Musafiri alikaa chini, akaeleza ugonjwa wake. Bulaimu alisikiliza huku akiendelea kusokota uzi juu ya paja. Mwisho akasema kwamba ugonjwa huo anaujua, ulimpata yeye mwenyewe alipofiwa na mke wa kwanza, na kwamba dawa yake haipatikani kwa mganga.

"Jicho lako liko na haraka ya kula," alisema. "Mukono haujapika bado, jicho limekwisha kunawa. Tulifunge. Mukono ubaki peke yake, ukumbuke kazi yake."

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kichuguu kirefu kama mtu. Alimsimamisha Musafiri mbele yake, karibu hata ncha ya mshale ilikuwa kama inakilamba. Mahali pale hata kipofu asingekosa, na hiyo ndiyo maana yake. Hapakuwa na cha kulenga. Alimwambia afumbe macho, avute polepole, asikie bega linavyozunguka, asikie kidole gumba kinavyogusa taya, asikie uzi unavyokaza pumzi pamoja naye. Asiachie mpaka ametulia. Kama kipimo, alipofundishwa yeye alikuwa akisema maneno ya kwanza ya sala kabla ya kuachia.

"Mimi nilisema ya kwangu," alisema Bulaimu. "Wewe sema ya kwako. Kichuguu hakitauliza."

Musafiri alifumba macho, akavuta, akasema moyoni, *Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike*. Kisha akaachia. Mshale uliingia kichuguuni kwa sauti nzito ya udongo mkavu. Akafanya tena. Alifanya hivyo kila asubuhi baada ya kutoka shamba la pamba, na Bulaimu alikaa kando akimchokoza: kiwiko kimelegea kama cha bibi harusi, mabega yamepanda kama ya mtu anayedaiwa, sala imekimbia, irudie. Kidogokidogo vidole vikajifunza kungoja. Musafiri alianza kusikia vitu ambavyo jicho lilikuwa likimficha, kama vile ule mtetemo mdogo mkononi unaokuja kabla ya haraka, na jinsi ya kuuacha upite.

Asubuhi moja, akiwa ametulia hivyo, alipofika kwenye *ufalme wako ufike* alimkumbuka Placide. Hakumkumbuka kwa huzuni. Alimwona tu mbele ya macho yaliyofungwa, amekaa, kichwa kimeinama, kama mtu anayengoja zamu yake ya kunyolewa. Mkono uliachia wenyewe, lakini bila haraka, kwa usafi ambao haukuwahi kuufikia.

Sauti ya udongo haikuja.

Alifungua macho. Kichuguu kilikuwa na mishale ya jana na juzi, wa leo haukuwamo. Wakatafuta majanini, juu ya paa, kwenye zizi la mbuzi. Bulaimu alikuwa wa kwanza kuacha kutafuta.

"Umekosa kitu ulichokuwa unakigusa na pua," alisema. "Basi haukukosa. Umekwenda pengine. Rudia."

Musafiri alirudia. Safari hii, alipomwona Placide ameinama, aliona na bega la mtu mwingine pembeni yake, mtu wa Wamaza aliyesemekana katoroka naye. Mshale nao ukaenda bila sauti. Ziaka la mishale lilipokuwa tupu, Bulaimu alikwenda kukata vijiti vya mishale mipya, kwa sababu kazi ilikuwa imeanza na kazi iliyoanza haiachwi kwa kukosa vijiti. Musafiri aliichoma alama yake kwenye kila kijiti, pete moja na mikwaruzo miwili, akapiga mpaka asubuhi ilipofika ambapo, akifumba macho, hakuona mtu mpya.

Marcelline, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Nyangwe, alipita Wamaza wiki iliyofuata akitokea Lusangi. Alikuwa mnene, mwepesi wa miguu, na alikuwa akibadilishana samaki kwa nyama na Musafiri tangu enzi za nyama. Aliteremsha kikapu na kujipepea.

"Baba Musafiri, nilisikia hapa unapiga mihogo. Sasa umehamia ku ndizi?"

Musafiri akamwuliza ndizi zipi. Marcelline akaeleza kwamba kule kwenye kampuni kuna shimo moja lililofukiwa mwaka jana, na juu yake wamepanda migomba. Kati ya migomba imesimama mishale, wima, kama mboga zilizopandwa kwa mstari. Yeye aliikaribia ili aone kama ni dawa ya kuzuia wezi, akaikuta ina alama anayoijua kutoka kwenye mishale iliyomletea nyama ya supu yake mwenyewe. Msimamizi wa kazi wa pale, kapita Faradji, alikuwa ameing'oa mara ya kwanza na kuitupa. Kesho yake ikawa imerudi. Sasa anaipalilia tu.

Kisha Bulaimu akauliza bei ya samaki.

Mwindaji akipiga, anaufuata mshale wake. Jumamosi Musafiri na Bulaimu walishika njia ya Lusangi wakiwa na majembe, na njiani wakaongezeka, kwa maana habari ya Marcelline ilikuwa imewatangulia. Walikuwa ndugu wa wale wengine walioitwa watoro. Walifika Jumapili, wafanyakazi wakiwa wamepumzika na Wazungu wa kampuni wakiwa wamelala baada ya chakula. Faradji aliwakuta wamesimama pembeni ya migomba. Alikuwa mtu wa Kasongo, mwenye viatu na kofia ya kazi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu mwaka jana.

"Ndugu zangu," alisema, "hapa hapana ruhusa ya kuchimba."

"Hatuchimbi," alisema Bulaimu. "Tunachota mishale."

Faradji aliwatazama, akaitazama mishale, akavua kofia yake, akaenda kukaa mbali akiwapa mgongo.

Walichimba wakiifuata mishale. Juu ilionekana mishale ya kawaida, urefu wa mkono mmoja. Lakini chini ya ardhi vijiti vilikuwa vimerefuka na kujipinda, vikikwepa mawe, kama mzizi unavyotafuta maji. Wachimbaji walikuwa waangalifu visikatike. Udongo ulikuwa mwekundu, kisha mweusi. Baadaye wakaona magogo ya kushikilia kuta za shimo, yamevunjika, membamba kama kuni za kupikia uji. Chini ya magogo walikuwapo watu.

Walikuwa wamekaa. Kila mmoja alikuwa na mshale kifuani, upande wa moyo, nao uliingia bila damu, kama mti unavyoingia mti. Placide alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, kichwa kimeinama, jembe magotini. Musafiri alimwita kwa jina mara moja, kama wanavyoitwa watu wanaoamshwa kwenda kazini. Halafu alipiga magoti na kusali sala yote, mpaka mwisho, bila kukimbia. Wachimbaji wengine walimfuata, na Bulaimu akasema ya kwake. Kilichowapiga butwaa hakikuwa mishale. Ilikuwa magogo. Watu wazima walipokezana vipande vyake, wakavipima kwa vidole, wakatazamana. Mmoja wao, seremala, aliweka kipande mkononi na kufunga ngumi. Kilivunjika. Alibaki ameifunga ngumi ile mpaka jioni, na walipompa chakula alikula kwa mkono wa kushoto.

Habari ilifika kwa sultani kabla yao. Mtoro aliyeonekana amekufa si mtoro tena, hilo hata sultani hakuweza kulipinda. Banda likafunguliwa. Émérance alitoka, akatembea mpaka njia panda, akakaa chini katikati ya njia na kulia. Alilia kilio cha mwaka mzima. Baiskeli zilimzunguka. Mvua ya saa kumi ilikuja ikapita, akaendelea. Alipomaliza shingo yake ilikuwa imerudi kuwa shingo ya mtu, na wanawake wakamnyoa nywele na kuzizika, kama inavyotakiwa kwa mjane.

Kisha akaja hakimu.

Alikuja kwa gari na meza ya kukunja, akaketi katika uwanja wa sultani, kwenye kivuli cha turubai. Kampuni ilikuwa imeleta Mzungu mmoja, ambaye hakusema kitu siku nzima, na Faradji, ambaye alisema kila kitu kwa sababu ndiye aliyekuwa mkalimani. Mishale ililazwa juu ya meza. Watu wa Wamaza walijaa mpaka nje ya uzio. Wengi walikuja na mbao za yale magogo yaliyovunjika, wamezifunga kwenye majani, wakingoja kuulizwa habari zake.

Hakimu hakuuliza habari za mbao. Alishika mshale mmoja, akauliza kwa kinywa cha Faradji ni wa nani.

Bulaimu, aliyesimama nyuma, alikohoa. Alikohoa kama mtu aliyemeza mwiba.

Musafiri alikuwa mtoto wa baba yake. Alisogea mbele.

"Iko wangu," alisema.

Hakimu akaandika. Kisha akamgeukia sultani, akamwuliza kwa upole kuhusu desturi za nchi, kwa maana alikuwa mtu aliyeheshimu desturi. Akauliza: kwenu, mnyama akikutwa amekufa na mshale mwilini, nani kamuua? Sultani alifikiri kidogo, akaona swali ni rahisi. Akajibu kwamba ni mwenye mshale. Hakimu akauliza: hata kama kuna kingine kilichommalizia? Sultani akajibu kwamba hata hivyo, mshale wa kwanza ndio unaohesabiwa. Wazee waliokuwapo wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa ndivyo ilivyo, na walikuwa wanafurahi kidogo kuona mgeni anajua kuuliza.

Ndipo ilipowaingia: kwa sheria yao wenyewe, Musafiri ndiye muuaji. Uwanja ulinyamaza kipande kwa kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma, kama maji yanayoganda. Mahali fulani nje ya uzio mwanamke alikuwa bado anatwanga, hajasikia, na mchi wake ulisikika peke yake. Musafiri alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa, kama Bulaimu alivyoifundisha.

Émérance alisimama, kichwa chake kimenyolewa kinang'aa juani.

"Mwaka muzima mulituambia walikimbia," alisema.

Faradji alitafsiri. Hakimu alisikiliza, akajibu bila hasira, na Faradji akatafsiri huku akitazama viatu vyake.

"Anasema walikimbia. Na huyu aliwapiga."

Hakimu hakuwa mtu mbaya kwa sura. Alimtazama Musafiri, akafanya jambo ambalo baadaye alilisimulia kama huruma. Alimwuliza mara ya pili. Akaeleza pole pole, ili mtu asije akasema hakuelewa. Kama mishale si yake, basi hakuna anayejua mifupa ile ni ya nani wala kwa nini imo mle. Shimo litafukiwa. Watu wale watabaki kama walivyokuwa katika maandishi ya kampuni, watoro, na wake zao watarudi mahali pa wake za watoro. Yeye Musafiri atakwenda nyumbani. Lakini kama mishale ni yake, basi watu wamekufa, wameuawa, na jambo limekwisha.

Bulaimu hakukohoa tena. Hakuna aliyekohoa.

Musafiri alimtazama Émérance, kichwa kitupu, shingo iliyopona. Nyuma yake walikuwa wake wengine wa lile shimo, nao wamenyolewa, nywele zao zimekwisha zikwa. Nywele zilizozikwa hazirudishwi kichwani. Alifumba macho. Alisema moyoni mpaka *ufalme wako ufike*, akangoja ule mtetemo mdogo upite.

"Iko wangu," alisema. "Yote iko yangu."

Walimfunga. Upinde wake ulichomwa mbele ya uwanja, na uzi aliousokota Bulaimu ulilia motoni kwa sauti nyembamba. Mbao zilizofungwa majanini zilirudi nyumbani na wenyewe. Shimo lilifukiwa, migomba ikapandwa upya, na kampuni ikafungua shimo jingine pembeni yake, lenye magogo ya unene uleule.

Musafiri alipelekwa kwenye kambi ya wafungwa wa barabara, katikati ya Kabambare na Kasongo. Alipiga jembe, alibeba mawe, alikuwa na mnyororo wa kawaida. Jioni, baada ya kuhesabiwa, alifumba macho kusali. Siku nyingi mikono ilikaa magotini. Lakini kuna jioni ambapo mkono wa kushoto ulinyooka, wa kulia ukarudi shavuni, ukaachia, na wafungwa wote waliokuwa karibu walisikia uzi. Mwanzoni walisogea kumpisha. Baadaye walizoea, wakawa wanavua kofia.

Siku iliyofuata jioni kama hiyo, karani wa kampuni alifika kwa baiskeli, mshale umefungwa nyuma. Shimo lilikuwa limeanguka huko Lusangi, na juu ya udongo mshale umesimama. Karani alimwonyesha Musafiri, akamwuliza kama ni wake. Musafiri akasema ni wake. Karani akamsomea miaka mipya ya kifungo, akanywa maji, akaondoka. Kwa hiyo aliyefukiwa humo hakuitwa mtoro, na mahali fulani banda la sultani lilifunguliwa, mwanamke akatoka.

Wanawake walilijua hilo. Walikuja kusimama kando ya barabara, bugali na sombe kwenye majani, wakiwa hawajapata habari za waume zao. Askari mlinzi aliwaruhusu, kwa sharti kwamba naye apate sombe. Bulaimu naye alikuja kila alipoweza, akakaa kwenye lundo la mawe, akamwambia Musafiri kwamba kiwiko bado kinalegea.

Alikuja pia Émérance, amevaa kofia ya Jumapili ya Placide. Nywele zilikuwa zimeota tena chini yake.

Msimu wa mahindi mabichi, Odile wa Wamaza alikuja na kusimama hapo siku kadhaa. Alikuwa bado msichana, ndoa yake haijazeeka, na alikuwa ametoroka kwenye banda ili aje aulize. Hakuuliza kwa maneno. Aliketi tu na kumtazama Musafiri mikono. Jioni ya mwisho mikono ilinyooka, na uzi ukasikika. Musafiri alikuwa amemwona: kijana mwenye kovu kwenye nyusi, ameinama. Alipofungua macho Odile alikuwa amesimama.

"Kovu hapa?" aliuliza, akigusa unyusi wake.

Musafiri aliitikia kwa kichwa. Odile hakulia. Hakuruhusiwa bado.

Karani alifika asubuhi. Siku hizi alikuwa akifika mapema kuliko zamani, kwa kuwa kampuni ilikuwa imechoka kungoja mishale isimame yenyewe. Faradji alikuwa ameagizwa aweke fungu la mishale ofisini, tayari, kwa siku za haraka. Karani alifungua kamba na kumpa Musafiri mmoja.

Musafiri aliugeuza mkononi. Mti wake ulikuwa wa sanduku. Manyoya yalikuwa ya kuku. Pete haikuchomwa kwa moto, ilichorwa kwa wino, na mikwaruzo ilikuwa mitatu. Tangu azaliwe hakuwahi kuudai mshale wa mtu mwingine. Kwao hilo lilikuwa baya kuliko kuukana wake. Mtu anayefanya hivyo hapewi maji kwenye nyumba ya wawindaji.

"Iko wako?" aliuliza karani, kalamu mkononi.

Nyuma ya karani, kando ya barabara, Odile alikuwa amesimama, vidole vyake juu ya fundo la kitambaa cha kichwa, juu ya nywele ambazo hazijanyolewa bado, vikingoja.

Musafiri alifumba macho, akasema maneno yake mpaka mahali pa kuachia.

"Iko wangu," alisema.

Odile akafungua fundo.